Makande ya Mlimani, Joto la Same

Kila Jumapili jioni, Loth alipika makande ya mahindi na maharage. Alipika mengi, sufuria lile kubwa likajaa. Aliyaunga yote kwa vitunguu na nyanya, akafunika, akalala akiwa na amani. Alihesabu kuwa chakula cha Jumatatu na Jumanne kipo.

Ndivyo alivyoona kwao Suji, kule mlimani, alipokuwa mtoto. Mama yake alipika mara moja tu, na watoto wakala mpaka wakachoka wenyewe.

Lakini Loth hakuishi tena Suji. Aliishi Same mjini, alikokuwa fundi seremala. Alihamia pale na mke wake, Koleta, hata kabla watoto hawajazaliwa. Miaka yote hiyo Koleta ndiye aliyenunua chakula na ndiye aliyepika. Koleta alifariki mwaka jana, wakati wa mvua za vuli. Sasa Loth alinunua na kupika mwenyewe.

Jumatatu moja asubuhi, binti yake Beatha alifunua sufuria.

"Baba, njoo uone," alisema.

Loth akaja. Mdogo wake Beatha, Hezroni, naye akaja mbio na mswaki mdomoni. Juu ya makande kulikuwa na povu. Povu lilipanda na kushuka.

"Baba," alisema Hezroni, "makande yanapumua."

Beatha akacheka. Loth hakucheka. Alinusa, akaonja kidogo, akatema. Yalikuwa yamechacha. Na wiki iliyopita pia yalichacha.

"Haya, vaeni viatu," alisema. "Mtapita kwa mama wa chapati."

Basi siku hiyo ikawa ya chapati za kununua. Jioni alinunua mchele wa kupima dukani, mafuta ya kupima na mkaa wa kopo. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano pia. Ilipofika Alhamisi, mfukoni hamkuwa na kitu. Walikunywa uji mchana, wakanywa uji usiku.

Ijumaa, Bibi Blandina alipiga simu kutoka Suji. Huyu alikuwa mama yake Koleta. Kabla Loth hajaamkia vizuri, Hezroni aliidaka simu.

"Shikamoo bibi! Bibi, jana tumekunywa uji mara mbili. Na Beatha amesinzia darasani, mwalimu amemwita."

"Mbea wewe!" alisema Beatha.

Loth akachukua simu. Bibi akasema kwa sauti ya upole.

"Loth, mwanangu, sikulaumu. Mwanamume kubaki peke yake na watoto si mchezo. Lakini hawa ni watoto wa Koleta. Huku kuna ndizi, kuna maziwa, na shule ipo. Mwisho wa mwezi nitashuka. Nikikuta hali ni hiyo hiyo, nitapanda nao. Utakuja kuwaona."

"Sawa, mama," alisema Loth.

Alitoka nje, akakaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Ndani aliwasikia watoto wakigombania kitabu. Alijaribu kufikiri nyumba ile itakuwaje bila kelele zile. Alishindwa kufikiri zaidi.

Jumapili alipika tena makande, maana hakujua afanye nini kingine. Jumatatu yakachacha tena. Akabeba sufuria mpaka uani, akawamwagia kuku wa jirani.

Jirani huyo aliitwa Zaituni, lakini mtaani walimwita Mama Husna. Alizaliwa Kihurio, bondeni, na aliuza nafaka sokoni Same. Siku hiyo alikuwa anafagia.

"Baba Beatha, subiri kwanza," alisema. "Kumbe ni wewe! Mimi naona kuku wangu wamenenepa, mayai yameongezeka, nikasema nyumba yangu imepata baraka. Kumbe baraka yenyewe ni makande yako."

Loth akatabasamu bila kupenda.

"Yanachacha, Mama Husna. Sijui nakosea wapi. Kwetu yanakaa siku tatu."

"Kwenu wapi?"

"Suji."

Zaituni akaweka ufagio chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani! Sasa wewe unapika kama uko Suji, halafu unakula ukiwa Same! Kule baridi yenu ndiyo friji. Hapa hata usiku ukigusa ukuta, bado una moto. Chakula kilichoungwa kitafika kweli asubuhi?"

"Basi niache makande? Hicho ndicho chakula chetu."

"Nani kasema uache? Mama Beatha aliacha? Mahindi na maharage yake si alinunua kwangu?" Sauti ya Zaituni ikashuka. "Yeye alichemsha makande matupu, bila kitunguu wala nyanya. Jioni alichota ya kula siku hiyo tu, hayo ndiyo akayaunga. Yaliyobaki aliyachemsha tena yakatokota vizuri, akafunika, na hakuruhusu mtu achovye kijiko. Asubuhi aliyachemsha tena. Na jioni ya siku ya pili yalikuwa yamekwisha. Hakulaza siku ya tatu. Si kwa joto hili."

Loth alikumbuka kila jioni alipotoka kazini. Akiwa bado njiani alikutana na harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Kila jioni, miaka yote. Alidhani ile ni harufu ya nyumba yake tu. Hakujua kuwa ni kazi ya mtu.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

"Ulimwuliza?" Zaituni alijibu kwa upole. "Wewe ulikuja, ukanawa, ukala. Naye alifurahi ukila. Usijisumbue na hilo. Sasa sema, kingine kinachokumaliza ni nini?"

"Mkaa. Makande yanakula mkaa wa siku nzima."

"Unayaloweka?"

"Nikikumbuka."

"Ukumbuke. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine. Halafu nikwambie. Sisi Kihurio, bibi yangu alikuwa na kikapu kikubwa kilichojaa majani makavu ya mpunga. Alichemsha maharage kwa nguvu kama nusu saa, akafunika sufuria, akalizika ndani ya kikapu na matambara juu. Anakwenda shamba. Akirudi yameiva, bila moto. Joto lilikosa pa kutokea."

"Majani ya mpunga nitayapata wapi hapa?"

Zaituni alimtazama fundi yule aliyekuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Baba Beatha, yale maranda unayochoma kila jioni pale kwenye karakana yako, yana kazi gani?"

Loth aligeuka, akatazama upande wa karakana. Kwa mara ya kwanza siku ile, alicheka kweli.

Jioni hiyo hakuchoma maranda. Alichukua vipande vya mbao vilivyobaki, akaunda sanduku lenye mfuniko unaokaza. Akalijaza maranda makavu, akaacha katikati nafasi ya sufuria. Beatha alishona mto wa kitambaa, akaujaza maranda, ili ukae juu ya sufuria kabla ya mfuniko.

Kesho yake alichemsha makande yaliyolowekwa, akayaacha yatokote kwa nguvu, akayatia sandukuni. Jioni akafungua. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto.

Akamwita Zaituni.

"Ulifungua mchana?" Zaituni aliuliza.

"Mara moja tu, kuchungulia."

"Mara tatu, mama," alisema Hezroni. "Na mara moja aliniita na mimi tuchungulie wote."

"Wewe mtoto!" alisema Loth.

"Ukifungua, joto linatoka, basi," alisema Zaituni. "Hilo siyo dirisha. Chemsha tena upya, yaive jikoni. Kesho funga, nenda kazini, usahau."

Siku iliyofuata Loth alifunga sanduku, akatoka haraka kabla moyo haujabadilika. Jioni alipofungua, mvuke ulimpiga usoni. Makande yalikuwa laini. Alichota ya siku hiyo, akayaunga. Hezroni alirudia sahani mara mbili, kisha akalamba mwiko.

Jumamosi Loth alilipwa fedha za kitanda. Kwa kawaida angepita dukani na kuanza kupimiwa kidogo kidogo. Safari hii alikwenda moja kwa moja sokoni, Zaituni akamwongoza. Pale getini Loth aliona nyanya. Lilikuwa tenga zima, na muuzaji alishusha bei.

"Tuchukue hizi," alisema Loth. "Ni rahisi sana."

"Ni rahisi ukizila," alisema Zaituni. "Wewe utakula nusu, nusu zitaoza keshokutwa. Hapo umenunua nyanya za bei kubwa kuliko watu wote sokoni. Zilizo mbichi, chukua za leo na kesho. Mchicha hivyo hivyo. Vilivyo vikavu ndivyo vya kununua vingi: mahindi, maharage, mchele, chumvi. Hivyo joto letu halivili."

"Sina fedha za gunia."

"Nani kataja gunia? Anza na kisado kimoja cha maharage na viwili vya mahindi. Leo hivyo tu. Ukipata kazi nyingine, nunua chupa ya mafuta, uache yale ya kupima. Ukikusanya vile vipimo vya kila siku, vinapita bei ya chupa. Kisha mkaa, nunua mfuko badala ya kopo. Kimoja kimoja. Mpaka utashangaa dukani unakwenda kufuata kiberiti tu."

"Na maharage hayatapekechwa na wadudu?"

"Yaanike juani yakauke sawasawa, yapoe, uyatie kwenye dumu kavu lenye kifuniko cha kukaza. Jua la Same si la kulalamikia tu, Baba Beatha. Lifanyie kazi."

Loth akafanya hivyo. Wiki ya kwanza haikuwa rahisi, maana fedha ziliisha siku moja na mfukoni hamkubaki kitu cha soda wala cha kahawa ya kijiweni. Rafiki zake walimtania kuwa amekuwa bahili. Lakini Alhamisi ilifika, na nyumbani chakula kilikuwapo. Ijumaa kilikuwapo. Siku nyingine walikula ugali na mchicha, siku nyingine wali na maharage, na Jumapili akaongeza mayai. Alipopata kazi nyingine, alinunua chupa ya mafuta na mfuko wa mkaa. Beatha hakusinzia tena darasani.

Mwisho wa mwezi, Bibi Blandina alishuka kama alivyosema. Aliwasili jioni, amejifunga kanga mbili na jasho linamtoka. Mkononi alikuwa na mifuko miwili mitupu. Loth aliiona, akajua ni ya nguo za watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mko salama?"

Bibi alipita moja kwa moja jikoni. Aliweka kiganja juu ya jiko la mkaa.

"Jiko limepoa," alisema polepole. "Jua linakaribia kuzama, na jiko limepoa. Loth, watoto hawa wanakula nini leo?"

Kabla Loth hajajibu, Beatha alifunua sanduku. Mvuke ukajaa jikoni. Bibi akarudi nyuma.

"Nani amepika?"

"Sanduku, bibi," alisema Hezroni. "Baba alienda kazini, sisi tulienda shule, lenyewe likapika."

"Mtoto huyu anasema uongo," alisema Bibi, lakini tayari alikuwa ameinama anatazama ndani.

Loth akawasha mkaa kidogo, akaunga ya jioni ile. Walikula wote. Bibi alipomaliza alisukuma sahani mbele, Beatha akamwongezea, naye hakukataa. Kisha aliinuka, akazunguka nyumba. Alifungua dumu la maharage, akatia mkono, akanusa. Alitazama mfuko wa mkaa pembeni.

"Mkaa huu ulinunua lini?"

"Wiki mbili zilizopita, mama."

"Na bado upo?"

"Bado upo."

Bibi aliguna. Usiku aliwalaza watoto, akawaimbia kwa Chasu, lugha ya kwao, wimbo aliomwimbia mama yao. Loth alikuwa chumba cha pili. Alimsikia mpaka mwisho, lakini uamuzi hakuusikia.

Asubuhi watoto walikunywa uji wakala na viazi. Loth alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Bibi alikuwa anakunja ile mifuko miwili.

"Mama," alisema Loth, "umeonaje?"

"Nimeona umekonda, lakini wao wamenenepa," alisema Bibi. "Ule na wewe. Watoto siwachukui. Ila hilo sanduku niundie na mimi. Kuni siku hizi tunazifuata mbali, na magoti yangu ni haya."

Loth akaitikia kwa kichwa.

Hezroni alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliacha, akamtazama bibi yake.

"Kwa hiyo mimi siendi Suji?"

"Utakuja likizo," alisema Bibi, akimfunga kifungo cha shati. "Haya, toka, dada yako ameshafika barabarani. Na jioni usimwache baba yako ale peke yake."