Asilimia Sitini na Moja

Siku ya kwanza walicheka. Asubuhi kishikwambi cha Emilian kilikuwa na chaji asilimia sitini na moja, na jioni, baada ya kupima mashamba tisa ya alizeti, kilikuwa na sitini na moja. Siku ya pili hakukichomeka kwenye umeme kabisa. Sitini na moja. Siku ya tatu alikizima, akakiweka mezani, kikawaka chenyewe.

"Kaka, umekwenda kwa mganga gani?" Christopher, mpimaji mwenzake, alimpiga begani. "Changu saa sita tu kimekufa. Nipe na mimi hiyo dawa!"

Ofisi ndogo ya mradi pale Ilongero ikajaa kicheko. Hata Bi. Happiness, msimamizi wao, alitabasamu. Emilian naye alicheka, lakini alikigeuza kishikwambi kifudifudi mezani. Pale ofisini ni yeye peke yake aliyejua namba ile ilitoka wapi.

Kazi yao ilikuwa kupima mashamba ya vijijini ili wenyewe wapate hati za kimila. Mwenye shamba hutembea mpakani pamoja na majirani zake, na wakishakubaliana, kila mmoja huweka saini kwenye kioo kwa kalamu nyeupe isiyo na waya. Kila asubuhi kalamu hiyo ilipaswa iunganishwe kwanza na kishikwambi chake, ndipo ikubali kuandika.

Wiki iliyopita Emilian alipima shamba la Calist. Calist alikuwa amechinja mbuzi. Emilian alikula akashiba, kisha akatembezwa mpakani na Calist peke yake, aliyeuonyesha mpaka alivyotaka. Alasiri alipita kwa jirani, mjane aitwaye Bibi Dorika, kuchukua saini tu. Alimkuta amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

"Wenzangu wanaweka dole gumba," bibi alisema. "Mimi dole sitaki. Nimejifunza kuandika jina langu kwa mkaa, ukutani jikoni. Lakini twende kwanza mpakani, mwanangu, ukaone kaburi la mume wangu liko upande gani."

Mpakani kulikuwa mbali. Tumbo la Emilian lilikuwa zito. Alitazama kioo: sitini na moja.

"Chaji imeisha, Bibi. Nitarudi kesho."

Hakurudi. Njiani alisimamisha pikipiki, akaandika *Dorika* kwa mwandiko wake mwenyewe, mwandiko mzuri wa chuoni. Ijumaa fomu zote zingetumwa wilayani, na kaburi lile lingekuwa mali ya Calist.

Bibi Dorika alimsubiri siku mbili, juu ya kigoda, juani, akiwa na gauni lile lile. Binti yake, Anastasia, alimsihi aingie ndani. Alikataa. Alisema kijana anaweza kupita asimwone. Siku ya pili mchana walimkuta ameinamisha kichwa kama aliyesinzia. Walimzika kando ya mumewe. Habari zilipofika ofisini, Emilian alijifanya anatafuta kitu mkobani, akatafuta muda mrefu.

Siku ya nne, saa saba mchana, wenzake walikwenda kula. Emilian alibaki aunganishe kalamu upya, maana ilikuwa imegoma. Alifungua orodha ya vifaa. Kila siku palikuwa na jina moja, Kalamu ya Emilian. Leo paliandikwa Kalamu ya Dorika.

Alifuta. Likarudi. Alifuta tena, na safari hii harufu ikaingia kwanza, harufu ya nguo iliyokaa sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, harufu ya gauni linalotolewa Jumapili tu, ikaja polepole kutoka mlangoni, ikapita meza ya Christopher, ikapita meza ya Bi. Happiness, ikasimama nyuma ya kiti chake. Na kalamu, iliyokuwa imelala mezani na hakuna mkono ulioigusa, ikaanza kukwaruza, kwaru, kwaru, kama mkaa juu ya ukuta, na kwenye kioo ikatokea D iliyopinda, kisha O, kisha R inayotetemeka, jina la mtu anayeandika kwa shida na kwa fahari, likajaza nafasi ya saini ya fomu ile, likahamia fomu nyingine, na nyingine, hadi mashamba yote aliyoyapima tangu Januari yakawa na saini moja.

Emilian alitoka mbio, kishikwambi mkononi. Alitaka kukitupa, mkono ukakataa kufunguka. Akaenda nacho hivyo hivyo kwa mganga.

Bibi Evodia, mganga wa Utemini, alikuwa anapepeta mtama uani alipopokea shikamoo ya Emilian. Hakuuliza jina. Alinusa hewa.

"Kuna mwanamke umekuja naye. Ulimwambia nini?"

"Kwamba chaji imeisha."

"Ilikuwa imebaki ngapi?"

"Kidogo, Bibi."

Kioo kikapata moto mkononi mwake.

"Nakuuliza, ngapi?"

Emilian aliangalia chini. Akasema yote: mbuzi, mpaka, saini. Alipotaja sitini na moja, sauti ilimtoka kama ya mtu anayevuliwa nguo sokoni. Kioo kikapoa. Namba ikasoma sitini.

"Jini nalifukuza," Bibi Evodia alisema, akirudi kwenye ungo wake. "Huyu si jini, na aliyemwita ni wewe. Waambie watu. Mmoja mmoja, mnatazamana. Kila mmoja atakupunguzia."

Alianza na Bi. Happiness. Bi. Happiness alifuta fomu ile, akamtuma Christopher akapime upya, kaburi likarudi upande wa Bibi Dorika. Kisha akamwonyesha Emilian mlango. "Na hicho kitu chako ondoka nacho. Hapa hakilali."

Hamsini na tisa. Alimwambia mchungaji. Alimwambia mama muuza chai. Alimwambia dereva wa bodaboda, naye akasimamisha pikipiki katikati ya barabara. "Kumbe ulimwua bibi wa watu kwa nyama ya mbuzi? Shuka. Shuka, utembee." Alimwambia mama yake mzazi, ambaye aliondoa sahani ya ugali mbele yake, taratibu, kama anayeondoa chakula cha mgeni aliyeshiba. Alitembea kutoka mlango hadi mlango, na alipolala njaa kioo kiliwaka kando ya kichwa chake, na kila asubuhi aibu ilikuwa mpya, haikuzoeleka, hata alipoyakariri maneno yake kama shairi.

Ikabaki asilimia moja. Akaenda kwa Anastasia.

"Mama yako nilimdanganya," alisema. "Chaji ilikuwepo."

Anastasia hakuacha kuchambua mboga. "Najua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliiona hiyo namba."

"Mbona hukusema, dada?"

"Wewe ulikuwa mtu wa ofisi. Ningesema nini?"

Namba haikutikisika. Anastasia alinyanyua kidole, akaonyesha shambani. "Kuna mmoja hujamwambia."

Jua lilikuwa utosini. Alizeti zilikuwa zimekwishavunwa, mabua yalisimama makavu, hapakuwa na upepo na bado yalichakarika. Emilian alipiga magoti mbele ya udongo mpya wa kaburi la Bibi Dorika.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Akangoja. "Chaji ilikuwepo. Nilikuwa nimeshiba, nikaona uvivu. Nisamehe."

Kioo kikazimika. Ndipo akalia, kwa sauti, kama mtoto aliyechapwa, akahisi mgongo wake umekuwa mwepesi kwa mara ya kwanza, na kupitia machozi akaona uso wake katika kioo cheusi, na juu ya bega lake, katika kioo hicho hicho, kitambaa cheupe.

Harufu ya sanduku ikamfunika.

"Marahaba, mwanangu," sauti ilisema, bila hasira, sauti ya mtu aliyesubiri sana na sasa amefurahi. "Umerudi. Washa basi, niweke saini."

Emilian alibonyeza. Alibonyeza tena. Kioo kilibaki cheusi, na mkono mkavu, wenye masizi ya mkaa vidoleni, ulikuwa umeshanyooshwa mbele yake, ukingoja kalamu.