Kabureta ya Mzee Mboje

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, Josia aliliondoa gunia lililofunika pikipiki ya Mzee Mboje ghalani kwake Mwamapalala, akabaki kalishika mkononi kama mtu aliyefunua sufuria akakuta wali umeshaliwa. Kabureta haikuwepo.

Pikipiki yenyewe ilimzidi Josia umri. Kila mwaka mvua zikikolea na mbuga kugeuka tope jeusi, Mzee Mboje aliilaza ghalani, akaitoa mwezi wa sita. Mwaka huu iligoma kuwaka. Mzee akaona hapo ndipo pa kumpimia huyu kijana wa Nassa aliyekuwa akimtaka binti yake wa mwisho, Nancy.

"Si unasema wewe fundi?" alimwambia. "Iwashe. Ikiunguruma kabla ya Jumamosi, wazee wako waje tuzungumze habari za ng'ombe. Isipounguruma, waambie wasijichoshe."

Jumamosi ilikuwa kesho.

"Kaificha mwenyewe!" Mzee alipiga kelele toka mlangoni, bila hata kuingia. "Jana kashindwa kuiwasha, leo anatafuta kisingizio."

"Baba, mimi..."

"Baba yako yuko Nassa."

Nancy hakulia. Alipiga simu Bariadi.

Saa nne kasorobo alifika Felisita, fundi pikipiki mwenye duka la vipuri. Ufundi aliuanza baada ya kuuziwa pikipiki mbovu mara mbili mfululizo, na tangu hapo hakumwamini mtu kabla hajamtazama vidole.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia Mzee Mboje kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola, kwema?"

"Mhola. Nimekuja kumtafuta mwizi."

"Yule pale," Mzee alimwonyesha Josia kwa kidevu.

Felisita aliingia ghalani, akapiga magoti. Alipapasa ardhi chini ya injini: kavu. Alichomeka kijiti kwenye tenki: petroli imejaa. Skrubu mbili za kushikia kabureta zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake, zimekazwa kwa vidole. Na mdomo wa injini, pale kabureta ilipotoka, ulikuwa umezibwa kwa pamba safi iliyotolewa mbegu, moja baada ya moja.

Alirudishia gunia, akatoka.

Alianza na Josia. "Jana ulifanya nini, saa kwa saa?"

"Saa nane nilimwaga petroli ya zamani. Ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. Nikasafisha tenki, nikaweka mpya. Nikasugua plagi, cheche ikatoka nzuri tu. Nikajua kilichobaki ni kabureta, imeziba."

"Mbona hukuifungua?"

"Koki ya mafuta, mama. Inazunguka tu, haifungi. Nilipochomoa mpira, petroli ikanimwagikia mpaka viatuni. Nikaurudisha haraka. Nikasema kesho nije na ndoo ya kukingia."

"Alinuka," Nancy alidakia, "mpaka kuku walimkimbia."

"Mliondoka ghalani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni," Josia alijibu. "Mzee alikuwa kasimama mlangoni, anaangalia."

Wa pili alikuwa Mayala, kaka yake Nancy, ambaye miaka miwili sasa alikuwa akitaka ile pikipiki iuzwe chuma chakavu.

"Mimi niibe kabureta peke yake?" alicheka. "Mama fundi, mimi ningeondoka na pikipiki nzima."

"Koki yake unaiweza?"

"Ile? Mwaka jana ilinimwagia petroli lita nzima. Mzee alinitimua, akaniambia nisiiguse tena."

"Hajawahi kukufundisha?"

"Hiyo ni siri yake. Labda atazikwa nayo."

Saa sita kamili, Felisita aliwaita wote ghalani. Mzee Mboje alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni.

"Njooni karibu mwone vizuri," Felisita alisema. Akauelekeza mpira wa mafuta kwenye kopo tupu, akaigusa koki. Ikaachia hapo hapo, petroli ikaanza kutiririka. "Jamani! Josia, ifunge!"

Josia alizungusha. Wapi. Mayala alimsukuma pembeni, naye akazungusha. Wapi. Kopo likajaa, petroli ikaanza kumwagika chini.

Mzee Mboje alivumilia, tuseme, sekunde tano.

"Mnaiua!" Aliwapangua wote wawili, akaibonyeza koki ndani kwa kiganja, akaizungusha juu. Petroli ikakatika.

Felisita alilisogeza kopo pembeni.

"Shikamoo, mwizi," Felisita alisema.

Mzee alibaki kaishika ile koki.

"Aliyechukua kabureta hakumwaga hata tone, na tenki limejaa," Felisita aliendelea, sasa kwa upole. "Hawa wawili hawawezi. Halafu karudisha skrubu zisipotee, kaziba injini panya wasiingie. Baba, mwizi anayechambua pamba ya kuzibia sijawahi kumwona. Huyu anaipenda pikipiki. Ila hataki iwake."

"Baba?" Nancy alisema.

Mzee alikaa juu ya gunia la mahindi. "Nilidhani atashindwa. Jana nikaiona ile cheche, nikajua huyu kijana ataiwasha." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Tangu mama yako atutoke, asubuhi naamshwa na maneno yako. 'Baba, dawa. Baba, shati gani hilo.' Ukienda Nassa, nani atanisema?"

"Kwa hiyo ukamwita Josia mwongo? Ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili," Mzee alikiri. "Nilishapanga."

Mayala alicheka, akageukia ukutani. Nancy hakucheka. Alikaa kwenye gunia lilelile, akamfunga baba yake kifungo cha shati alichokikosea.

"Kijana," Mzee alisema, "nimekuvunjia heshima mbele ya watu, na uongo ulikuwa wangu. Unisamehe."

"Yameisha, mzee. Kabureta iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Mzee la Jumapili, imefungwa kitambaa. Josia aliifungua: utando wa kijani wa petroli iliyolala ulikuwa umeziba kitundu chembamba kama sindano. Alikizibua kwa uzi wa waya wa breki, akapuliza, akakiangalia kwenye jua, akapuliza tena. Saa tisa na nusu, kabureta ikiwa imerudi mahali pake, alipiga kiki. Mara ya nne, pikipiki ikakohoa, ikaunguruma, ikatulia.

"Wazee wako waje," Mzee Mboje alisema. "Na hii ataondoka nayo Nancy. Ila mvua zikikaribia airudishe ilale hapa."

Josia alikuna kichwa. "Mzee, mvua zikianza huku, hatoki mtu. Atakwama miezi mitano."

"Ndiyo."

"Mwezi mmoja," Josia alisema.

"Minne."

"Miwili, na mimi nakuja naye."

Mzee Mboje alimpima toka viatu mpaka nywele, kama anakagua dume mnadani.

"Kunisema utaweza?"

"Nitafundishwa na Nancy."

"Basi," Mzee alisema, "miwili."