Aliyeitwa Chumba Namba Tatu

Kipaza sauti cha zahanati moja kule Mwala kilimwita mtu asiye na jina. Kilisema, "Mgonjwa," kikanyamaza kidogo, kisha kikamalizia, "chumba namba tatu." Akina mama kwenye benchi wakatazamana. Hakuna aliyesimama, lakini mlango wa namba tatu ulifunguka, ukajifunga polepole.

Winfred, karani wa mapokezi, alijua kosa ni lake. Juzi Ndila alijifungua msichana, na kompyuta ikadai jina la mtoto. Kalondu, mama mkwe wa Ndila, alikataa katakata.

"Mimi ndio susu yake, nyanya yake, na nasema mpaka siku ya tatu," alinong'ona. "Saa hii huyu bado ni wa aimu, wale wetu waliokufa."

Foleni ilikuwa ndefu na Winfred hakuwa na muda wa aimu. Alibonyeza kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi, mara moja tu, na kompyuta ikapokea bila kuuliza.

Sasa chumba namba tatu kilinuka udongo uliolowa, na mvua Mwala ilionekana mara ya mwisho Mei. Winfred aliogopa. Alimpigia simu Kisilu, aliyeunda programu ya kompyuta inayosajili wagonjwa na kuwaita kwa kipaza sauti.

"Hiyo kitu yako inaingiza mtu yeyote?"

"Niliiambia tu isikubali jina tupu," Kisilu akajibu kwa aibu. "Nafasi nayo inahesabika kama herufi. Sikuiambia iangalie ni nini imeandikwa. Ngoja nirekebishe."

Akarekebisha mbio mbio. Siku ya tatu ilikuwa imefika, na Kalondu alikuwa amemwita mjukuu wake Mumbua. Winfred aliandika jina hilo. Kompyuta ikajibu: *Jina hili lina mwenyewe.* Akaandika tena, akafuta, akajaribu kuiondoa ile nafasi ya juzi, na kila alipofuta kipaza sauti kilivuta pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyetoka mbali kwa miguu, hadi benchi zima likaisikia.

"Mumbua," kikaita, "chumba namba tatu."

Ndila alimkumbatia mtoto.

"Usiende," Kalondu akasema chini chini. "Mtoto wetu ako hapa." Akamwinamia, akamwita kwa upole, "Mumbua."

Mtoto hakutikisika. Nyuma ya mlango wa namba tatu, sauti ya mwanamke mzima ikaitika, "Niko huku, susu."