Kaseti ya Mguu wa Bibi Kabula

Bisha! Bisha tu, kwa sababu hujawahi kutoa betri kwenye redio kaseti halafu ikaendelea kukuamuru uinue mguu. Mimi yalinikuta, mchana kweupe, Sibwesa, mwaka tisini na saba. Na sikukimbia. Nilitembea haraka.

Bibi yangu Kabula alitoka hospitali ya mbali. Walimtoa kichwa cha mfupa wa nyonga kilichooza, wakamwekea cha chuma. Mtaalamu wa mazoezi, Sista Pelagia, asingeweza kumfuata hadi kwetu, akajirekodi kwenye kaseti: "Lala chali. Inua mguu. Shusha taratibu." Alionya kwamba bila mazoezi mguu utakakamaa, Bibi asitembee tena. Kazi ya kubonyeza redio nikapewa mimi, fundi wa kijiji kizima, ingawa shule niliiacha darasa la tano na sijaikumbuka.

Mwanzoni mambo safi. Kisha asubuhi moja Sista akasema "shusha," kisigino cha Bibi kikatua godoroni kimya, na chini ya kitanda kisigino kingine kikagonga. Du!

"Malale," Bibi akanong'ona, "umegonga wewe?"

"Panya, Bibi."

"Panya gani anafuata maelekezo, mwanangu, ng'wanawane?"

Nikacheka. Ndipo ikaja harufu ya dawa ya hospitali iliyochanganyika na nyama iliyolala, nikazima redio, haikuzimika, nikachomoa betri, nazo zikiwa kiganjani mwangu sauti ikaendelea, ila haikuwa tena ya Sista, ilikuwa kavu kama kitu kinachosugua sakafu, ikisema, "Inua, shusha, na mimi nataka kutembea," na Bibi kanishika mkono asiniachie.

Tukamwita Mganga Kashinje. Aliponusa mlango tu, akauliza, "Mfupa uliotolewa uko wapi?"

Kwetu kinachokatwa mwilini huzikwa nyumbani, kisije kikamtafuta mwenyewe. Bibi aliuomba mfupa wake hospitali, akaja nao kwenye kopo la maziwa.

"Nilimpa huyu auzike pembeni ya babu yake," akasema.

"Uliuzika, kijana?"

"Kwa mikono hii!" Kifua mbele.

"Basi jini limo kwenye kaseti."

Akaichoma. Kukatulia. Lakini Bibi hakuthubutu tena kuinua mguu, na mguu ukakakamaa kama Sista alivyoonya. Sasa namtoa juani nimembeba. Hunisifia kwa majirani: "Huyu ndiye aliyenizikia mfupa."

Haya, niliyoyaruka ni haya. Siku ile mechi ilikuwa inaanza, na mimi ndiye mfungaji. Kaburi la babu lilikuwa mbali. Kopo nililitupa kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Mganga aliponiuliza, neno moja tu la kweli lingemponya Bibi: mfupa ungezikwa, kaseti isingechomwa. Nililimeza. Baadaye nikarudi shimoni kimyakimya: kopo lipo, mfuniko umesukumwa kutoka ndani, mfupa haumo.

Jana Bibi akashtuka. "Malale, kimegonga nini?"

Nikamfunika shuka.

"Panya, Bibi."