Vijiko Vitatu

Jumatatu asubuhi Valary alikataa uji mpaka baba yake, Nyongesa, alipoongeza kijiko cha tatu cha sukari. Nyongesa alimwambia meno yataoza, akaongeza, na mtoto akanywa akichezesha miguu chini ya meza. Mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akiunywa bila sukari, kwa ndimu tu. Kisha Valary alibeba mkoba akaenda shule na watoto wa jirani. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile ya vyumba viwili katika mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, mwaka wa 1998.

Saa nane mchana Nyongesa alirudi kutoka mjini na waya. Alikuwa ameutafuta kwa miezi miwili, tangu mkewe Jentrix azikwe, mpaka fundi mmoja aitwaye Kyalo akaupata. Ulikuwa wa kuunganisha kompyuta ya mezani na kompyuta ndogo ya mkononi, kidude cha ukubwa wa pasipoti ambacho Jentrix alipewa na mradi wa kupima uzito wa watoto. Alikuwa amekipitisha mlango kwa mlango Kawangware 46, akiandika juu ya kioo chake kwa kalamu ya plastiki: majina, kilo, na baadaye mambo yake mwenyewe. Sasa betri zilikuwa zinaisha, na zikiisha au zikitolewa, kila neno lake lingefutika. Nyongesa, aliyesomea takwimu chuo kikuu, hakutaka zaidi ya maneno hayo.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku ya tatu baada ya mazishi, kule Webuye, vitu vya marehemu vilitolewa uani vikagawanywa kama desturi inavyotaka, nguo, viatu, hata kitana, ili marehemu mwenyewe aone hana chake tena pale na aende zake. Kidude hicho Nyongesa alikificha ndani ya soksi. Alijiambia kwamba mashine si nguo.

Alikiweka kwenye kitako cha plastiki kilichokuwa mwishoni mwa ule waya, akabonyeza kitufe. Kililia mara tatu, sauti mbili za juu na moja ya chini, na kompyuta ikaanza kuhesabu kurasa. Kazi ya waya ule ilikuwa kuzilinganisha mashine mbili: kilichoandikwa huku kinaenda kule, kilichofutwa kule kinafutwa huku, mpaka zote mbili zibebe maneno yale yale. Hesabu ilifika mia mbili na kumi na mbili, ikasimama. Hapo ndipo aliposikia harufu ya dawa ya mochari.

Alifungua dirisha. Wakarima, mama mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga, alikuwa anaanika nguo nje.

"Baba Valary, hiyo mashine yako inakunywa stima kuliko mlevi," alisema. "Taa zangu zote zimefifia."

Nyongesa aliomba radhi, akarudi kusoma. Maandishi ya mwisho yalikuwa na tarehe ya siku ile.

*Vijiko vitatu ni vingi.*

Aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Alikagua saa ya kidude, akakagua tarehe, akatafuta kosa, kwa sababu kosa lingekuwa na maelezo. Halafu akaandika kwenye kompyuta, *Ni wewe?*, akabonyeza tena. Zile sauti tatu. Ile harufu.

*Mtoto anakohoa. Mpake mafuta kifuani.*

Kweli Valary alikuwa anakohoa.

Aliomba ruhusa kazini. Kila alasiri aliandika, na kila alasiri alijibiwa kwa mstari mmoja, mfupi, wenye amri ndani yake, kama alivyokuwa akiandika Jentrix, na furaha aliyoipata ilimtia aibu. Jumatano, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, aligundua kwamba ukurasa wa Valary, ambamo mama yake aliandika kila kitu kumhusu, ulikuwa unapungua mstari mmoja kila mashine zilipolinganishwa, na si yeye aliyefuta. Mstari wa siku hiyo ulikuwa wa jina la mwalimu. Jioni alimuuliza mtoto mwalimu wake anaitwa nani, na Valary akamtazama, akatazama ukuta, akasema hajui. Alhamisi ilifutika siku ya kuzaliwa, na mtoto hakujua ana miaka mingapi.

Ijumaa alijua lazima aache, alijua kama anavyojua kujumlisha, lakini kidude alikiacha kwenye kile kitako cha plastiki, akaenda kununua mafuta ya taa, na aliporudi alizisikia zile sauti tatu kabla hajagusa mlango, akaingia akakuta chumba kina baridi na harufu ile imejaa mpaka inawasha macho, na Valary amekaa kwenye kiti cha mama yake, kidole juu ya kitufe alichokuwa akibonyeza tena na tena, akiangalia ukurasa wake ambao sasa ulikuwa umebaki na jina tu, na jina lenyewe lilikuwa linafutika herufi moja baada ya nyingine, kuanzia mwisho.

Aling'oa waya.

"Mama alisema nibonyeze," Valary alisema polepole. "Alisema wewe unachelewa."

Alimbeba mgongoni mpaka Kisumu Ndogo, Kibera, kwa Mzee Isaac, seremala, baba mdogo wa Jentrix, ambaye ndiye aliyegawa vitu vile Webuye. Alieleza yote bila kupunguza. Mzee hakuacha kupiga randa mpaka mwisho.

"Siku ile ulibakisha nini, mkwe wangu?"

Nyongesa alimwonyesha.

"Uliacha mlango wazi," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Huyo anayekujibu, una hakika ni mtoto wetu? Kuna majini yanayopita popote palipo na kilio."

Walikwenda Kongo kabla ya magharibi, pamoja na Trizah, dada yake Jentrix. Mzee aliomba kwa Kibukusu, akiliita jina la marehemu na kumwambia vitu vyake vimekwisha kutoka. Nyongesa alifuta kila ukurasa kwenye kompyuta. Kisha akatoa betri, akamkabidhi Trizah kidude kiwe fungu lake la vitu vya marehemu. Mikononi mwa Trizah, bila betri, kililia mara tatu. Trizah hakukiachia. Harufu ilipungua, ikaisha.

Mlangoni mzee alimshika Nyongesa mkono. "Kesho ukiona chochote, hata kidogo, niletee mtoto kabla jua halijapanda. Usingoje."

Asubuhi Valary aliamka mchangamfu. Alitaja jina la mwalimu wake bila kuulizwa, na miaka yake, saba. Hakukohoa. Nyongesa alimmiminia uji, akatia vijiko vitatu, akakoroga.

Mtoto alionja, akakisukuma kikombe taratibu kwa mgongo wa mkono, kama mtu mzima. Miguu yake chini ya meza ilikuwa imetulia.

"Vijiko vitatu ni vingi," alisema. "Hakuna ndimu?"

Jua lilikuwa bado halijafika juu ya mabati; muda wa kumfikisha kwa mzee ulikuwapo. Nyongesa alisimama, akavaa viatu. Alikwenda kwenye kioski kilicho langoni mwa ploti, akanunua ndimu moja, akarudi. Alimmiminia uji mwingine bila sukari, akakata ndimu, akaikamua yote. Kisha akafunga mlango kwa ndani, akaketi mkabala naye, akamuuliza amelalaje.