Mkono wa Pelagia

Apolinary alishuka mwaloni Musoma, wavuvi wanaposhushia samaki, na shati jeupe la mikono mirefu, mwaka ule wa 1994 sangara walipokuwa wakipelekwa Ulaya na mji mzima uko mbio. Pelagia akamkanyaga kwa buti la mpira.

"Kaka, hapa watu wanaangaliaga miguu, siyo mawingu!"

Alivaa gauni la njano chini ya aproni iliyojaa magamba, na uzuri wake ulionekana hivyohivyo. Alikuwa mpimaji katika kiwanda cha samaki; kazi yake ilikuwa kubonyeza sangara kwa kidole na kuamua: huyu aende Ulaya, huyu abaki. Hakukosea. Apolinary aliletwa kuifundisha kompyuta kazi hiyo.

"Huyu jicho zima, mashavu mekundu. Mbona umemkataa?" Apolinary aliuliza.

"Mkono unakataaga tu. Andika hivyo, mpenzi."

Akaandika. Mwezi mzima walibishana kibarazani kwa Pelagia, mtaa wa Kamunyonge, yeye akidai sababu, binti akicheka, na mapenzi yakaingia bila hodi.

Kisha karani Jenoveva akamnong'oneza Pelagia: kompyuta ikishajua, wapimaji wote nje. Siku hiyohiyo simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Apolinary, akipiga kutoka Bunda, alikokwenda kumwona mama yake kijijini Kabasa.

"Nimekukumbuka, laazizi."

"Ulijua tutafukuzwa?"

"Nilijua."

"Ulinipenda ili unichukulie kazi!" Akakata.

Apolinary hakula, hakutulia. Siku ya majaribio, meneja akaweka sangara mezani, akaijibu kompyuta maswali kumi na moja. Likatokea la kumi na mbili: JE, MKONO WA PELAGIA UNAMKATAA?

"Utani gani huu?"

"Si utani, mzee. Sababu yake nimeitafuta nikaikosa. Ukilifuta swali hilo, utauza wabovu."

Pelagia akaitwa, akabonyeza. "Abaki."

Wakampasua sangara. Ndani alishaanza kuoza.

Wapimaji wakapiga vigelegele; kazi yao ilikuwa salama. Apolinary alifukuzwa palepale, kwa kuwa kompyuta yake haikuweza kazi bila mkono wa mtu. Pelagia akamkimbilia getini, hasira bado zinamchemka.

"Si ungeniambia mapema!"

"Niliogopa utaniacha."

"Nikakuacha vilevile, mjinga wewe! Sasa unaenda wapi?"

"Bunda. Nikamwambie mama sina kazi, na nataka kukuoa."

Pelagia alimtazama. Hakuwa na sababu hata moja ya kumfuata mwanamume asiye na kazi.

"Ngoja nivue aproni," alisema. "Tukamwambie pamoja."