Dakika Arobaini na Saba

Jumapili, saa sita na nusu mchana, Sandra alifungua chumba namba tisa cha lojingi moja ya Mtito Andei ili abadilishe shuka, akamkuta mpangaji amelala sakafuni na taulo shingoni. Kwenye kitabu cha wageni mtu huyo aliitwa Kaloki, dereva. Jina lake halisi lilikuwa Kyule, na hakuwahi kuendesha gari maishani mwake.

Sajini Mutindi alifika saa kumi na robo akitokea upande wa Kitui. Polisi wa Makueni walimwita kwa sababu mfukoni mwa marehemu kulikuwa na namba yake. Kyule alikuwa shahidi wake. Alikuwa mpakiaji wa lori la mchanga lililomkanyaga Syombua, mama aliyesimama njiani kuyazuia malori yasishuke mtoni, na Alhamisi iliyokuwa ikija angemtaja mwenye lori mbele ya hakimu. Karatasi zilisema ni Muchiri, mfanyabiashara wa hapo hapo Mtito Andei. Kyule alisema karatasi zinadanganya, na jina la kweli angelitoa mahakamani tu. Mutindi hakuambiwa jina hilo, wala hakuambiwa shahidi anajificha wapi.

Aliutazama mwili. Alingoja uchungu uje, haukuja. Akatoa daftari.

"Mlango haukuvunjwa."

"Alifungua mwenyewe, madam," Sandra alisema. "Nilikuwa nadeki korido, kama saa tano na nusu hivi. Mtu wa kofia alikuwa amenipa mgongo. Akagonga, akasema, 'Kyule, fungua, nimetumwa na Mutindi.' Nikashangaa, huyu si Kaloki? Lakini hapa madereva wako na majina mengi."

"Una hakika alisema Mutindi?"

"Ndiyo. Kwani unamjua?"

"Ni mimi," Mutindi alisema, akaandika jina lake mwenyewe na saa.

Mwenye lojingi aliongeza kwamba yule mtu alionyesha picha ndogo ya pasipoti, akauliza mwenye sura hiyo yuko chumba gani. Simu ya Kyule haikuonekana.

Muchiri alipatikana dukani kwake. Asubuhi hiyo, kuanzia saa tatu hadi saa nane, alikuwa amesimama mbele ya waumini mia mbili akiombewa kuwa mzee wa kanisa. Mutindi akamuuliza lori ni la nani.

"Kwa karatasi ni langu," alisema, macho kwenye viatu vyake.

"Na bila karatasi?"

"Madam, niko na watoto."

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mutindi alipoingia kituoni kwao Kitui, Inspekta Nzioka, mkubwa wake, alikuwa ameshamtia ndani Ndunge, mke wa marehemu.

"Ni yeye tu alikuwa na laini mpya ya bwana yake," Nzioka alisema. "Jumapili tatu mfululizo wamepigiana. Ile ya wiki iliyopita peke yake, dakika arobaini na saba. Mtu amejificha, anaongea nini hivyo? Huyo mama amemuuza. Kesho anashtakiwa mauaji."

Mutindi aliandika maneno hayo kama alivyoandika kila kitu. Aliomba siku tatu, akapewa kwa shingo upande. Saa nne akatuma ombi kwa kampuni ya simu apate rekodi za Kyule, kisha akaenda kumwona Ndunge.

"Dakika arobaini na saba mliongea nini?"

"Hatukuongea, afande."

"Mama, jibu hilo litakufunga."

"Basi nifungwe. Alikuwa anapiga saa tano na dakika ishirini, kwaya ikisimama kuimba. Nilikuwa naweka simu kwa benchi asikie. Alikuwa anaimba besi hapo, miaka kumi."

"Na jana?"

"Jana ilikatika. Niliona baada ya wimbo wa tatu. Nikafikiri ni mtandao."

"Nani mwingine aliona simu yako?"

"Hakuna. Nilikuwa nafuta kila Jumapili kabla nitoke kanisani. Hata jana nilifuta. Hiyo simu mmechukua, hamtapata kitu ndani."

Kalamu ilisimama. Mutindi alikuwa ameikagua simu ya Ndunge, na kweli ilikuwa tupu. Alirudi nyuma kurasa mbili akasoma tena maneno ya Nzioka, na saa aliyoyasema.

Majibu ya kampuni yalikuja Jumatano. Kampuni huweka yote: nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi, kwa simu ipi. Kyule alibadilisha laini akadhani amepotea, lakini simu ilikuwa ile ile, na tarakimu kumi na tano zinazoitambulisha simu hiyo ziliandikwa kwenye faili la shahidi na Mutindi mwenyewe, kwa mwandiko safi. Chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Rekodi hizi ziliwahi kuombwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Afisa mwombaji: Mutindi.

Ijumaa saa nne Mutindi alikuwa Kanyangi, akimzika mjomba wake.

Nakala ya fomu iliambatanishwa. Sahihi haikuwa ya kughushi. Kituoni kwao, anayekwenda matangani huacha fomu tano tupu zimetiwa sahihi kwenye droo ya mkubwa, ili kazi isilale. Alifundishwa hivyo wiki yake ya kwanza, na hakuwahi kuona ubaya wake. Alijaribu kujichukia, akakuta hata hilo limekufa ganzi.

Alhamisi saa tatu aliingia kwa Nzioka na maafisa wawili kutoka Makueni. Akaweka fomu mezani.

"Sahihi ni yako," Nzioka alisema.

"Ni yangu. Zile tarakimu ni mwandiko wako. Na hapa, majibu yatumwe kwa namba gani?"

Nzioka aliitazama namba yake mwenyewe.

"Jumatatu saa mbili ulijua Jumapili tatu na dakika zake," Mutindi aliendelea. "Mama alikuwa amefuta, na ombi langu lilitoka saa nne. Picha ya pasipoti imetolewa kwenye faili, na faili tunalo sisi wawili. Jana jioni Muchiri ameandikisha taarifa. Lori ni lako."

Afisa mmoja alivuta droo. Simu ya Kyule ilikuwa chini ya fomu zilizobaki.

"Miaka ishirini na mbili ya kazi," Nzioka alisema polepole. "Sikumwambia dereva akanyage yule mama. Nilimwambia apite tu."

"Na Kyule?"

"Kyule angenitaja leo." Akainua macho. "Ukinipeleka, hiyo fomu itakupeleka na wewe."

"Najua. Taarifa yangu nimeshaiandika."

Saa nane Ndunge aliachiliwa. Mutindi aliketi naye kwenye benchi la nje akamweleza yote, pamoja na sahihi. Ndunge alisikiliza bila kumtazama.

"Kwa hivyo wameweka yote?"

"Saa, mnara, dakika. Yote."

"Na sauti?"

"Sauti hawaweki, mama."

Ndunge alifunga leso yake vizuri. "Kwaya ikimaliza nilikuwa nachukua simu. Anasema amina, anakata. Hiyo amina moja tu. Waulize."

Mutindi alijua jibu. Hata hivyo aliingia ndani, akachukua fomu mpya, akajaza kila mstari: jina, tarehe, saa, na kinachoombwa, neno moja. Mwisho kabisa akatia sahihi.